MIGUU YA WAZEE WETU



Mara nyingi katika ukurasa huu tumenena habari za mishahara, nyumba na likizo, wala hatuoni aibu kuwa tumezinena. Leo twaomba ruhusa yenu kunena habari iliyo chini kuliko hizo zote, yaani habari za miguu. Wala si miguu yetu sisi tukaao vitini, bali ya wazee wanaosimama mbele ya madirisha yetu.

Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa nchini Tanzania mwaka 2003, nayo yamhesabu kuwa mzee kila mtu aliyetimiza miaka 60. Sera ya Afya ya mwaka 2007 nayo yasema ya kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure katika hospitali na zahanati za Serikali. Jambo hilo ni jema, na asifikiri mtu kuwa twalibeza. Walakini tazameni linavyokwenda. Mzee akija na kidonda kilichooza atapokewa, na mguu ukipasa kukatwa, utakatwa. Lakini mzee huyo huyo angalikuja miezi michache kabla, akasema, "Miguu yangu ina ganzi, na sugu hii yanisumbua," nani angalimvua kiatu? Mara nyingi hupewa vidonge vya maumivu akaenda zake. Msamaha wa malipo umewekwa kwa ajili ya mgonjwa. Mguu ambao haujaugua bado hauna dirisha.

Na maradhi haya huanza kimya. Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi huidhoofisha mishipa ya fahamu. Mzee hukanyaga mwiba asijue. Huota moto asijue kuwa anaungua. Hushinda kutwa nzima na kokoto ndani ya kiatu. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika habari za wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku, wala wasisikie. Mtu asomapo hayo hutaka kucheka kwanza, kisha kicheko humkatika. Daktari huyo alikuwa miongoni mwa walioanzisha mpango wa kufundisha madaktari na wauguzi wa mikoani, wawili wawili, namna ya kukagua miguu, kuchonga sugu na kusafisha kidonda kingali kidogo. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba elimu hiyo haijafika kwetu.

Wala si lazima pawe na vyombo vya thamani. Madaktari wa mji wa Ipswich, huko Uingereza, walitangaza mwaka 2011 njia ya kupima ganzi kwa kidole tu. Mgonjwa hufumba macho, na mpimaji humgusa polepole ncha ya kidole gumba cha mguu, kisha cha kati, kisha cha mwisho, miguu yote miwili. Asiposikia mahali pawili au zaidi katika hapo sita, miguu yake i hatarini. Kazi hiyo haina stoo, haina zabuni, wala haina hati ya malipo.

Sasa tuje kwetu makarani. Mjomba wa mwandishi wa maneno haya alirudishwa mara tatu kwa kukosa barua ya kumtambulisha kuwa ni mzee asiye na uwezo. Barua ilikuwapo, lakini haikuwa na muhuri, na mwenye muhuri alikuwa safarini. Alipoupata, kidole kilikwisha kuwa cheusi. Leo mjomba hutembea kwa magongo. Ningependa kumlaumu yule karani, lakini nami, katika afisi nyingine, nimepata kumwambia mzee, "Njoo Jumatatu," kwa sababu saa ya chakula ilikuwa imefika. Sikumwuliza ametoka wapi, wala amekuja na miguu ya namna gani.

Wako watakaosema kuwa Hazina haina fedha za kukata watu kucha. Twawajibu: zihesabuni siku za mtu aliyekatwa mguu akilala kitandani, na dawa zake, na binti yake aliyeacha shamba ili amuuguze. Mtumishi akistaafu ana kadi yake ya bima. Babu aliyelima pamba maisha yake yote ana barua tu, tena isiyo na muhuri.

Kwa hiyo Kamati inakusudia kuiandikia Wizara, na kuomba ya kwamba ukaguzi wa miguu kila mwaka, pamoja na kukata kucha na kuchonga sugu, uhesabiwe kuwa tiba katika msamaha wa wazee, na vilevile katika mafao ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Habari ya viatu ni ngumu zaidi, maana havimo katika fungu la mtu yeyote, nayo tutaitaja. Wakati huo, kila mwanachama mwenye kushika muhuri twamsihi amwachie mwenzake kabla ya kusafiri.

Barua hiyo itasomwa katika mkutano ujao. Mwenye neno la kuongeza, na hasa mwenye mzee nyumbani aliyepatwa na mambo haya, amletee Katibu kwa maandishi kabla ya siku hiyo.