Damu Haina Tabia: Mizani ya Mtawala Mikononi mwa Mtawaliwa

Damu nzito kuliko maji, walinena wahenga, wakiwa na maana kwamba ujamaa hushinda urafiki. Nchini Korea Kusini damu imepewa uzito wa namna nyingine. Katika miaka ya 2000, vijana wawili walipokutana mjini Seoul kwa mara ya kwanza, halikuwa jambo la ajabu, baada ya kuulizana jina na umri, kuulizana pia kundi la damu. Swali hilo halikuulizwa na tabibu, wala hapakuwa na majeruhi aliyesubiri kuongezewa damu. Aliyeuliza alitaka kuijua tabia ya mwenzake. Akijibiwa A, alihitimisha kwamba amempata mtu makini, mwenye haya na mwepesi wa kuumia moyoni. Akijibiwa O, basi huyo ni mchangamfu, mwenye kujiamini, anayefaa kuongoza. AB alikuwa ama mwenye kipawa kisicho kifani ama mtu wa vituko. Na B, hasa akiwa mwanamume, ole wake: huyo alisemwa kuwa mbinafsi, mwenye hamaki na asiyetabirika, mpenzi wa kuepukwa.

Imani hii ilienea hata ikaingia katika sanaa. Mwaka 2005 ilitolewa filamu ya Kikorea ambayo jina lake, likitafsiriwa, ni 'Mpenzi Wangu ni wa Kundi B'. Humo msichana wa kundi A anampenda kijana wa kundi B, na kisa kizima kinajengwa juu ya dhana kwamba damu zao haziwezi kukaa chungu kimoja. Watazamaji walicheka. Hata hivyo, kicheko hicho kingewezekana tu iwapo kila aliyeingia ukumbini alikuwa tayari anajua mwanamume wa kundi B anadhaniwa kuwa mtu wa aina gani. Tukumbuke kwamba kundi hilo si la watu wachache: nchini humo, takriban mtu mmoja kati ya kila wanne ana damu ya kundi B.

Wapo wanaoshikilia kwamba huu ni mchezo tu, na kwamba kuuhoji ni kutafuta mfupa katika ulimi. Makala haya yana msimamo tofauti. Mchezo huu una historia isiyochekesha hata kidogo, na historia hiyo ndiyo inayoufichua ubaya wake: kumhukumu mtu kwa jambo asilolichagua, kabla hajatenda lolote.

Ni vyema kuanza na damu yenyewe. Karl Landsteiner, mtafiti wa mjini Vienna, ndiye aliyegundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1930 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi huo. Kinacholitofautisha kundi moja na jingine ni kitu kidogo sana: aina ya sukari iliyo juu ya ngozi ya chembe nyekundu za damu. Mwenye kundi A ana sukari ya namna moja, mwenye kundi B ana ya namna nyingine, mwenye AB anazo zote mbili, na mwenye O hana yoyote kati ya hizo mbili. Maarifa haya yameokoa maisha ya watu wasiohesabika hospitalini. Landsteiner alitaka kujua kwa nini damu ya mtu mmoja huganda inapochanganywa na ya mwingine. Hakutafuta tabia ya mtu ndani ya chupa ya maabara.

Je, sukari hiyo iligeukaje kuwa hulka? Jibu linaanzia vitani. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, wanasayansi wawili, Ludwik Hirszfeld na mkewe Hanna, walipima damu ya maelfu ya askari waliokusanyika katika mji wa Salonika, Ugiriki. Miongoni mwa waliopimwa walikuwamo Waingereza, Wafaransa, Wahindi, na Waafrika kutoka Senegali. Mwaka 1919 walichapisha matokeo yao pamoja na fahirisi mpya: idadi ya wenye A ilinganishwe na idadi ya wenye B. Watu wa Ulaya wakapata fahirisi ya juu. Waasia na Waafrika wakapata ya chini. Katika dunia iliyokuwa imekwisha kuamini kwamba binadamu hupangwa kama ngazi, haikuchukua muda tarakimu hizo kusomwa kama alama za mtihani wa ustaarabu. Kejeli ya historia ni kwamba Hirszfeld mwenyewe, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi, alikuja kufungiwa katika geto la Warsaw mwaka 1941 na watu walioamini kwamba damu yake ilikuwa duni. Naam, mchimba kisima huweza kuzama kwa kiu ya wengine.

Wakati fahirisi hiyo inachapishwa, Korea ilikuwa koloni. Japani iliitwaa nchi hiyo mwaka 1910 na kuitawala hadi 1945. Mjini Seoul, ambao watawala waliuita Keijo, madaktari wa Kijapani waliupokea ujuzi huo mpya kwa hamu. Mwaka 1922 Kirihara Shin'ichi, akishirikiana na tabibu kijana wa Kikorea, Paik In-je, alichapisha utafiti uliolinganisha damu ya Wajapani na ya Wakorea kwa kutumia fahirisi ya akina Hirszfeld. Wajapani wakaonekana kuwa juu. Wakorea wa kusini wakaonekana kuwa karibu zaidi na Wajapani kuliko ndugu zao wa kaskazini. Hivyo mtawala aliyekwisha kuiteka ardhi kwa jeshi alipata sasa kile alichokikosa: hoja iliyovaa koti jeupe la maabara, iliyodokeza kwamba aliyetawala alikuwa ameumbwa kutawala.

Msomaji wa Kenya hana haja ya kuambiwa hila hii ni ya namna gani, kwani hapa pia mapepeta ya aina hiyo yalipigwa. Katika miaka ya 1930, madaktari wa kikoloni H. L. Gordon na F. W. Vint walipima mafuvu na bongo za Waafrika mjini Nairobi ili kuonyesha kwamba akili ya Mwafrika ina upungufu wa kuzaliwa nao. Na mwaka 1933 chama cha walowezi cha kuchunguza 'uboreshaji wa mbari' kiliundwa mumo humo. Keijo walipima damu, Nairobi wakapima ubongo. Kipimo kilitofautiana, ila shabaha ilikuwa ile ile.

Hatua ya kutoka mbari hadi tabia ya mtu binafsi ilipigwa na Furukawa Takeji, mwalimu wa chuo cha ualimu cha wanawake mjini Tokyo. Mwaka 1927 alichapisha makala yaliyodai kwamba kundi la damu huamua hulka. Ushahidi wake ulitokana na watu wachache aliowafahamu, wakiwamo jamaa zake na wanafunzi wake. Wenyeji wa milima ya Taiwan walipouasi utawala wa Kijapani mwaka 1930, Furukawa aliutafuta mzizi wa uasi huo katika wingi wa kundi O miongoni mwao. Watu hao walikuwa wametumikishwa kwa shuruti na kudhalilishwa katika nchi yao wenyewe. Lakini kwake yeye, kosa lilikuwa katika mishipa yao. Hapa ndipo nadharia hii inapoivua barakoa. Ukiamini kwamba mtu ameasi kwa sababu ya damu yake, huhitaji tena kumuuliza umemtendea nini.

Wataalamu wengi wa Japani kwenyewe waliikataa nadharia ya Furukawa, nayo ikafifia. Ilifufuliwa mwaka 1971 na Nomi Masahiko, mwandishi asiyekuwa na elimu ya utabibu, kwa kitabu kilichowafundisha wasomaji kuchagua wenzi kwa makundi ya damu. Kutoka Japani imani ikavuka bahari hadi Korea kwa njia ya vitabu na majarida, safari hii bila bunduki na bila gavana. Fahirisi ilikuwa imesahauliwa. Kilichobaki ni burudani: nani apendane na nani, nani aajiriwe, nani aogopwe. Wajukuu wa wale waliowekwa kwenye mizani wakawa wameitundika mizani ile ile sebuleni mwao, na kila mgeni anapoingia hupimwa.

Watetezi wa imani hii wana hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba 'inafanya kazi': wengi husoma maelezo ya kundi lao na kujiona humo kama katika kioo. Hoja hiyo ilikwisha kujibiwa mwaka 1948 na Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani. Aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, akamwambia kila mmoja kwamba ameandikiwa yeye peke yake. Wanafunzi waliyapa maelezo hayo wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kumbe wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale! Nani asiyekuwa mchangamfu siku moja na mwenye haya siku nyingine? Fauka ya hayo, mwaka 2014 mtafiti wa Kijapani, Nawata Kengo, alichapisha uchunguzi wa majibu ya watu zaidi ya 10,000 wa Japani na Marekani. Kati ya maswali 68, maswali 65 hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana baina ya makundi ya damu, na katika yale matatu yaliyosalia tofauti ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutofaa kitu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Husemwa kwamba hakuna anayeumia. Kwamba swali la damu huvunja ukimya baina ya watu wasiojuana, na humpa mwenye haya njia ya kujieleza. Ni kweli kwamba jamii yoyote huhitaji vijineno vya kuanzishia mazungumzo. Ila kijineno kinachoanzisha mazungumzo kwa mmoja huyafunga kwa mwingine. Kijana wa kundi B anayekataliwa kabla hajafungua kinywa hana wa kumkatia rufaa. Akikasirika, hasira yake inakuwa ushahidi. Akinyamaza, anaambiwa anajificha.

Isitoshe, imani hii humharibu hata yule inayempendelea, kwa kuwa humpa kisingizio. Mnamo Julai 2011 Ryu Matsumoto, waziri wa Japani aliyekabidhiwa ujenzi mpya baada ya tetemeko la ardhi na tsunami ya Machi mwaka huo, aliwatolea viongozi wa maeneo yaliyoathirika maneno ya ufidhuli. Alipolaumiwa, alieleza kwamba yeye ni wa kundi B na hivyo ni mtu wa hamaki. Siku chache tu baada ya kuteuliwa, alijiuzulu. Watu waliopoteza nyumba na jamaa walistahili waziri mwenye kutubu; badala yake walipewa somo la damu. Kumbe nadharia iliyoanza kwa kumnyima mtawaliwa haki ya kulalamika huishia kwa kumpa mkubwa ruhusa ya kutowajibika.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, suala hili lina funzo mahususi la lugha. Kiswahili nacho kimeipa damu kazi kubwa. Watu wakipendana kwa haraka, husemwa kwamba damu zao zimepatana. Anayechukiwa bila sababu huambiwa ana damu ya kunguni. Waama, hakuna mzungumzaji wa Kiswahili ambaye, akisikia kauli hizo, atakimbilia maabara kutafuta kunguni katika mishipa ya jirani yake. Sitiari hujijua kuwa ni sitiari. Hutuonjesha ukweli wa hisia bila kudai kuwa sheria ya maumbile. Msiba hutokea sitiari inapovishwa joho la sayansi na kupewa herufi na tarakimu. Hapo usemi hukoma kuwa usemi ukawa hukumu. Ni wajibu wa wasomi wa lugha kuulinda mpaka huo, kwani wao ndio wanaofunzwa kuutambua.

Haifai, hata hivyo, kuwacheka Wakorea. Vijana wao wenyewe wameanza kuipa kisogo imani hii. Tangu mwaka 2020 hivi, wengi wao huulizana si kundi la damu bali herufi nne za MBTI, jaribio la haiba lililobuniwa Marekani na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers. Yapo maendeleo hapa, kwani jaribio hilo angalau humuuliza mtu mwenyewe maswali, ilhali damu haikumuuliza lolote. Lakini herufi nne zikitumiwa kumfungia mtu mlango wa kazi au wa mapenzi, kilichobadilika ni lebo tu. Hamu ya kumjua mtu bila kuishi naye ingali pale pale.

Hamu hiyo si ya Wakorea peke yao. Kumjua binadamu ni kazi ndefu na ya kuchosha. Hudai mtu akae na mwenzake, amsikilize, akosane naye na wapatane. Herufi moja huahidi kuifuta kazi hiyo yote kwa nukta moja, na kila anayeharakisha atavutiwa na ahadi kama hiyo, iwe imeandikwa kwa damu, kwa nyota au kwa jina la ukoo. Wahenga waliosema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki waliweka kipimo kingine, kilicho kigumu zaidi na chenye haki zaidi: matendo. Mwenye damu ya kundi lolote anaweza kufaulu katika kipimo hicho, na mwenye damu ya kundi lolote anaweza kuanguka. Hospitalini damu iulizwe, tena iulizwe kwa makini, maana uhai hutegemea jibu. Penginepo pote, aulizwe mtu mwenyewe.