Fundisho Kwanza, Betri Baadaye

Mashambani dereva wa trekta huambiwa tu, "Unganisha betri, twende!" Msimamizi mwenyewe husimama mbali.

Betri mbili za volti 12, chanya ya moja ikifungwa kwenye hasi ya pili, hutoa volti 24 za malori makubwa. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, volti hubaki 12, ila umeme hudumu zaidi. Asiyefundishwa atajuaje? Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Cheche moja ya spana huilipua, na asidi humrukia mtu machoni.

Miwani, glavu na maji ya kunawa ni vifaa vya kazi kama panga. Mwajiri avitoe, wala asivikate katika mshahara. Kamati za matawi ziyadai hayo, pamoja na mafunzo.