Saa za mama ziingie katika bei

SAFU YA MWERU
Na Mwape Kasongo

Siku klabu ya soka ya TP Mazembe inapocheza uwanjani kwake Kamalondo, Lubumbashi nzima inajua rangi ya kuvaa. Nyeusi na nyeupe zinatawala, na mtu ambaye jana alilia njaa leo anatafuta faranga za kununua kitu cha kumtambulisha kuwa mtoto wa Kunguru, kama klabu inavyoitwa kwa utani. Shabiki hanunui kama mteja wa kawaida. Mteja wa kawaida anataka kitu kimfae. Shabiki anataka kitu kiseme yeye ni nani, na akiweza kupata ambacho jirani yake hana, furaha yake ni mara mbili. Wajapani walilielewa hilo mapema: Desemba 1975, Tokyo, vikundi 32 vya wapenzi wa katuni vilikusanyika kuuziana kazi walizozitengeneza wenyewe, na mkusanyiko huo, Comiket, leo unavuta mamia ya maelfu ya watu. Nasi tunao mashabiki, tunao pia mama na dada wanaofuma krosheti, Lubumbashi na huku kwetu Kilwa, kando ya Ziwa Mweru. Wakutane. Lakini wakikutana kwa bei zilizozoeleka, mfumaji atarudi nyumbani akiwa maskini kuliko alivyotoka.

Tazama kofia moja inavyofumwa. Inaanzia utosini kwa kitanzi kimoja, vitanzi vinaongezwa mzunguko kwa mzunguko hadi upana wa kichwa, kisha ukingo unateremka bila kuongeza. Kila rangi inapobadilika, mkia wa uzi unabaki nje, na kila mkia lazima ufichwe kwa sindano mmoja mmoja, la sivyo kofia itafumuka kabla msimu haujaisha. Sasa tuseme, kwa mfano tu, uzi umegharimu faranga 4,000, kazi imechukua saa tano, na kofia imeuzwa 9,000. Mama anasema amepata faida ya 5,000. Hapana. Amelipwa 1,000 kwa saa, na bado hajatoa nauli ya kufika uwanjani wala saa alizosimama juani akisubiri mnunuzi.

Cha kushangaza ni kwamba mama huyohuyo, akipeleka samaki wakavu kutoka Kilwa hadi Lubumbashi, humdanganyi. Anahesabu bei ya mvuvi, chumvi, magunia, lori, na samaki watakaovunjika njiani. Kwa nini krosheti inamponyoka? Naona historia ina sehemu yake. Katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière na katika foyers sociaux, vituo vya ustawi wa jamii vya wakati wa Wabelgiji, wanawake walifundishwa kushona na kufuma ili wapambe nyumba za waume zao. Kazi ya mikono iliwekwa upande wa adabu ya nyumbani, na mshahara ukabaki upande wa mwanaume. Haikuwa lazima iwe hivyo. Ireland, katika njaa kuu iliyoanza 1845, masista waliwafundisha wasichana krosheti hasa ili iuzwe, na familia nyingi zikapata chakula kwa fedha hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba watu hawana fedha, na kwamba bidhaa za China zitatumaliza. La kwanza ni kweli kwa kiasi, na dawa yake ni kupunguza kitu, si kupunguza thamani ya mkono: mamba mdogo wa kuning'iniza kwenye funguo, kwa kuwa mamba ndiye mnyama wa nembo ya Mazembe, anafumwa kwa muda mfupi, na bei yake inaweza kuwa ndogo bila kumwibia aliyemfuma. La pili silikubali. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka 1589, lakini krosheti halisi mpaka leo haina mashine ya kiwandani. Kofia ya krosheti ikiwa rahisi mno, popote ilipotoka, kuna mikono iliyolipwa kidogo mno. Sioni sababu ya mikono ya Katanga kushindania nafasi hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la sheria. Nembo ya klabu si ya kila mtu, na nchi yetu ina sheria ya mali ya viwanda ya 1982 na ya haki za watunzi ya 1986. Anayetaka kufuma nembo yenyewe aombe ruhusa kwanza. Lakini nyeusi na nyeupe hazina mwenyewe, kama ambavyo buluu na manjano za Lupopo, klabu nyingine ya Lubumbashi, hazina mwenyewe, na mamba aliyebuniwa na mfumaji kwa kichwa chake ni wake. Naona hapo ndipo penye biashara nzuri zaidi, maana mamba huyo hapatikani katika duka lolote la jezi. Anayejiandaa kwa msimu ujao aanze leo na daftari, aandike saa aliyoshika sindano na saa aliyoiweka, na bei ifungwe kwenye kofia kabla haijatoka nyumbani, maana mbele ya shabiki anayebembeleza huku mechi inaanza, hesabu hiyo haifanyiki tena.