Nanasi na Sahani ya Maharagwe

Katika mtaa wa Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, nanasi si tunda geni. Hupatikana sokoni na kandokando ya barabara, likiwa zima kwa anayelipeleka nyumbani, au limekatwa vipande kwa mpita njia mwenye kiu. Hata hivyo, katika nyumba nyingi tunda hili bado huhesabiwa kuwa kiburudisho tu: hununuliwa siku ya mgeni, au huliwa njiani na kusahauliwa. Hiyo ni heshima ndogo kwa tunda lenye kazi kubwa, na kazi hiyo huonekana zaidi linapowekwa kando ya sahani ya maharagwe.

Asili ya nanasi ni Amerika ya Kusini. Mabaharia Wareno ndio waliolisambaza hadi Afrika na Bara Hindi, nalo likasafiri pamoja na jina lililotokana na lugha za wenyeji wa huko. Ndiyo sababu Mswahili husema nanasi, na Mrundi husema inanasi.

Sehemu kubwa ya tunda hili ni maji. Katika gramu 100 za nanasi bichi, yaani kipande kimoja kinene, maji ni gramu 86 hivi na sukari yapata gramu 10. Kipande hicho kina pia miligramu 48 hivi za vitamini C, kiasi kinachokaribia kumtosheleza mtu mzima kwa siku nzima. Kadhalika, kina madini ya manganizi yanayosaidia ujenzi wa mifupa, pamoja na nyuzinyuzi kidogo zinazosaidia choo kuwa laini.

Sasa na itazamwe sahani ya kila siku. Chakula cha jamaa nyingi za Burundi ni maharagwe, pamoja na muhogo, ndizi au ugali, na mboga kama lengalenga au sombe. Maharagwe na mboga hizo zina madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Lakini chuma cha mimea kina ukaidi wake: tumbo hufyonza sehemu ndogo tu, na kiasi kilichobaki hupotea bure. Vitamini C hukibadili chuma hicho kiwe katika hali ambayo utumbo waweza kukipokea kwa urahisi zaidi. Sharti ni moja, nalo ni kwamba viwili hivyo vikutane tumboni kwa wakati mmoja. Nanasi lililoliwa asubuhi halitayasaidia sana maharagwe ya jioni. Kwa upande mwingine, chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa. Yafaa zinywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi wa afya ya wananchi uliofanywa Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Mtoto wa namna hiyo huchoka upesi, na masomo humwia mazito. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba nanasi si dawa. Malaria na minyoo pia hupunguza damu, na mtoto mwenye viganja vyeupe apelekwe zahanati bila kungoja.

Aidha, umanjano wa nanasi usimdanganye mama wa nyumbani. Vitamini A ndani yake ni haba sana. Kwa hiyo isitafutwe humo, bali katika embe, papai, mboga za majani, na mafuta mekundu ya mawese kama yale ya Rumonge.

Wako wanaoamini kwamba mjamzito akila nanasi mimba itatoka. Hakuna ushahidi kwamba nanasi bivu, likiliwa kwa kiasi cha kawaida cha chakula, huleta madhara hayo. Imani hiyo humnyima tunda mtu yule yule ambaye mwili wake unahitaji damu kwa ajili ya watu wawili. Mwasho unaosikika ulimini hutokana na asidi ya tunda pamoja na kimeng'enya kiitwacho bromelaini, chenye uwezo wa kuvunja protini. Kimeng'enya hicho ndicho kinacholainisha nyama ngumu ikilowekwa katika maji ya nanasi bichi kabla ya kupikwa.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo hana budi kujihadhari na ukali wake, na mwenye kisukari ale kipande kimoja, wala asinywe bilauri ya maji yake. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji chochote ila maziwa ya mama.

Wakati wa kununua, lichaguliwe tunda zito lenye harufu nzuri upande wa chini, kwani nanasi likishachumwa haliongezi utamu. Lioshwe kwa maji safi kabla ya kumenywa, na kisu kioshwe pia. Mwaka 2023 kipindupindu kilitangazwa mjini Bujumbura, nacho hupita kwa mikono, maji na vyombo vichafu. Basi kipande kilichozingirwa na nzi barabarani si akiba ya afya hata kikiwa cha bei nafuu. Lililokatwa liliwe siku hiyo hiyo, bila kupikwa, maana moto hupunguza vitamini C.

Nanasi moja lililogawanywa vema hutosha watu kadhaa. Jamaa isiyoweza kununua nyama kila juma inaweza angalau kuyapa maharagwe yake msaidizi: kipande kwa kila mlaji, mezani, wakati ule ule wa chakula, na watoto na mama mjamzito wakitangulizwa.