Tasnifu za kilimo zinampima mkulima, nani atapima barabara?

KILA mwaka unapowadia msimu wa utafiti, wanafunzi wa vyuo vya kilimo nchini hutawanyika vijijini wakiwa na madodoso mikononi. Wapo wanaoteremka Kilombero kwa wakulima wa mpunga, na wapo wanaopanda Mbeya na Iringa kwa wakulima wa mahindi. Maswali ya ukurasa wa kwanza huwa yaleyale: umri, jinsi, hali ya ndoa, elimu, idadi ya watu katika kaya, ekari zinazolimwa. Ukurasa wa mwisho huuliza kama mkulima anatumia mbegu bora na mbolea, na alivuna magunia mangapi. Kazi inayobaki ni ya kompyuta: kutafuta kama majibu ya mwanzo yana uhusiano na majibu ya mwisho.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichopo Morogoro, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1984, kimeweka tasnifu zake nyingi katika mtandao wa intaneti ili kila mtu azisome. Anayezipitia tafiti za aina hii, ziwe za chuo hicho au za vyuo vingine vya ukanda huu, hachelewi kukutana na hitimisho lililozoeleka: elimu, umri na jinsi ya mkulima vina uhusiano na matumizi ya teknolojia; kwa hiyo, wakulima waelimishwe. Pendekezo hilo ni jepesi kuliingiza katika mpango wa halmashauri au katika andiko la kuomba fedha za wafadhili. Semina zikishafanyika na mashamba yakabaki vilevile, lawama huwa na pa kuangukia. Mkulima huambiwa ni mgumu wa kubadilika.

Si kwamba kupima uhusiano ni kazi bure. Wataalamu wa mifugo wanajua kuwa mzingo wa kifua cha ng'ombe unakwenda sambamba na uzito wake, na kwa uhusiano huo zimetengenezwa tepe ambazo mfugaji asiye na mizani huzitumia kukisia kilo za mnyama kabla ya kumpeleka mnadani au kumpa dawa. Wazalishaji wa mbegu za mahindi nao waligundua kwamba ukame ukiingia, muda kati ya kutoka kwa mbelewele na kutoka kwa nywele za gunzi hurefuka, na mavuno hushuka. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano, CIMMYT, waliitumia dalili hiyo kuchagua mimea inayostahimili ukame.

Lakini tepe ya ng'ombe inakisia tu. Hakuna mfugaji anayedhani kwamba akimvuta ng'ombe kifua atamwongezea kilo. Na yule mwenye mahindi alikuwa na uwezo ambao mtafiti wa kijijini hana: aligawa mbegu kwenye vipande vya shamba kwa kura, akavipa maji sawa na mbolea sawa, kisha akalinganisha. Mkulima hagawiwi umri kwa kura, wala elimu. Aliyefika kidato cha nne mara nyingi ndiye mwenye ndugu mjini, mwenye simu, mwenye shamba karibu na barabara na mwenye akiba ya kununulia mbolea mwezi Novemba. Dodoso likiuliza elimu peke yake, elimu itabeba mzigo wa hayo yote na kupewa sifa isiyokuwa yake. Uhusiano unaotosha kukisia hautoshi kushauri.

Asili ya mtindo huu iko mbali na Morogoro. Mwaka 1943 wanasosholojia wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti wao kuhusu wakulima 259 wa jimbo la Iowa na mahindi chotara. Mbegu iliyoanza kupatikana huko mwaka 1928 ilikuwa imekwishaenea kwa karibu wakulima wote hao ilipofika mwaka 1941. Everett Rogers, mzaliwa wa jimbo hilohilo, alikijenga juu ya msingi huo kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu kuenea kwa mambo mapya, akiwapanga watu kuanzia waanzilishi hadi wale wanaobaki nyuma. Mpangilio huo ungali unafundishwa katika madarasa ya ugani. Kisichotajwa sana ni kwamba Rogers mwenyewe, katika matoleo ya baadaye, alionya dhidi ya tabia ya kumtwika mtu binafsi lawama ya kasoro za mfumo unaomzunguka. Iowa ilikuwa na wauza mbegu waliomfuata mkulima shambani kwake. Penye hali kama hiyo, huenda tofauti iliyobaki ni ya mtu na mtu. Kuihamishia hesabu hiyo mahali ambapo duka la pembejeo liko umbali wa nauli mbili ni jambo jingine kabisa.

Ushahidi wa Afrika wenyewe haukosekani. Kati ya mwaka 1996 na 1999 CIMMYT na taasisi za utafiti za Ethiopia, Kenya, Tanzania na Uganda zilifanya tafiti 22 ndogo za matumizi ya teknolojia. Mchumi Cheryl Doss, aliyezichambua baadaye, alionyesha ugumu wa kuzilinganisha: hata maana ya mkulima "aliyepokea" mbegu bora ilitofautiana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Sifa iliyojitokeza zaidi ni kukutana na bwana shamba. Hapo napo pana mtego, kwa sababu bwana shamba asiye na pikipiki huenda kwanza kwa mkulima aliye kando ya barabara, na kwa yule ambaye tayari anajulikana kuwa hodari. Nani basi alimfanya mwenzake awe hodari?

Huko Ghana, Doss na Michael Morris walieleza mwaka 2001 kwamba tofauti ya wanaume na wanawake katika matumizi ya mbegu bora za mahindi na mbolea ilitokana hasa na nani anapata ardhi, elimu na huduma za ugani, wala si jinsi yenyewe. Wanawake wa kaya zisizo na mwanamume ndio waliozidi kubaki nyuma. Mwaka 2011 Tavneet Suri alionyesha kutokana na takwimu za Kenya kuwa wapo wakulima ambao wangenufaika sana na mahindi chotara, lakini hawakuyapanda kwa sababu gharama ya kuyafikia, kutokana na miundombinu mibovu, ilikuwa kubwa. Mwaka huohuo Esther Duflo na wenzake waliandika kuhusu Busia, magharibi mwa Kenya. Wakulima walioletewa fursa ya kununua mbolea na kufikishiwa bila nauli, mara tu baada ya mavuno fedha zikiwa bado mfukoni, waliinunua zaidi. Umri wao haukubadilika, wala vyeti vyao. Kilichobadilika ni siku ambayo muuzaji alibisha hodi.

Tanzania ina mfano wake. Itakumbukwa kuwa kuanzia mwaka 2008 hadi 2014 Serikali iliendesha mpango wa vocha za pembejeo kwa wakulima wa mahindi na mpunga, ambapo ruzuku ilibeba takriban nusu ya bei na mkulima kuongezea iliyobaki. Mwanafunzi akifika katika kijiji kilichopitiwa na mpango wa namna hiyo, hapana shaka atakuta kuwa kipato kina uhusiano na matumizi ya mbolea. Atakuwa amesema kweli, ila atakuwa ameipima kanuni ya mpango akidhani anampima mkulima. Aliyekosa nusu yake ya fedha hakuwa na hiari ya kukataa.

Wengine hukataa kwa hesabu zao nzuri tu. Mpunga wa SARO 5 unazaa kuliko mbegu nyingi za asili, na wataalamu wameuhimiza kwa haki. Lakini anayelima Supa anajua harufu ya wali wake inavyomvuta mnunuzi, na anajua pia kwamba mbegu ya msimu ujao imo ghalani kwake. Dodoso linalomwandika kuwa "hajapokea teknolojia" halikumuuliza bei ya gunia.

Zipo pia kasoro za hesabu zenyewe. Uhusiano wa 0.3, ambao mwandishi wa tasnifu anaweza kuutangaza kwa furaha, unaeleza asilimia 9 tu ya tofauti zilizopo baina ya wakulima. Asilimia 91 zimebaki kwingine. Na anayepima sifa 20 zisizo na uhusiano wowote na mavuno, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5, atarajie kwa wastani moja kati yake kujitokeza kuwa "ya maana" kwa bahati tu. Tasnifu ikiandika hiyo moja na kuzinyamazia kumi na tisa, msomaji hawezi kujua.

Haitakuwa haki kumlaumu mwanafunzi. Fedha za utafiti ni kidogo, muda ni wa wiki chache, na kaya anazozifikia mara nyingi hazizidi mia chache. Umri huulizwa kwa sekunde tano. Kujua mbegu ilifika dukani tarehe ngapi na kwa bei gani kunahitaji kurudi zaidi ya mara moja. Msimamizi naye aliandika tasnifu yake kwa njia hiyohiyo.

Njia nyingine haihitaji fedha nyingi. Tangu mwaka 2008/09 Ofisi ya Taifa ya Takwimu imekuwa ikiendesha utafiti unaozirudia kaya zilezile kwa miaka kadhaa, ambao ulianza na kaya 3,265. Takwimu zake ziko wazi na zinaonyesha nani alianza kutumia mbolea, nani aliacha, na nini kilibadilika kati ya hapo. Mkulima aliyeanza kisha akaacha ana mengi ya kufundisha kuliko yule ambaye hakuanza, lakini madodoso mengi hayana hata nafasi ya kumwandika.

Ruzuku ya mbolea ilirejeshwa katika msimu wa 2022/23, safari hii wakulima wakiandikishwa katika daftari la kidijitali. Malalamiko yaliyosikika msimu ule yalikuwa ya foleni na umbali wa vituo vya kuuzia. Daftari lina majina na ukubwa wa mashamba, na bila shaka wanafunzi wataliomba. Watakaofika kwa mkulima aliyeandikishwa asichukue mfuko wake, wangeanza kwa kumuuliza kituo kiko wapi, nauli ni shilingi ngapi, na alirudi mikono mitupu mara ngapi. Umri wanaweza kuuliza baadaye.