Daftari la wiki: Waipa ya nyuma

Hapa Kifaru, kwenye barabara kuu kati ya Himo na Mwanga, kioo cha mbele cha gari kinafutwa kila kituo. Cha nyuma hukumbukwa siku dereva anaporudi kinyumenyume kwenye kona ya kupandia Ugweno, mvua inanyesha, na waipa haitikisiki.

Noah, IST, Passo: migongo yao imesimama wima. Gari la namna hiyo likienda mbio, hewa huzunguka nyuma yake na kuvuta vumbi na matope hadi kwenye kioo. Corolla yenye buti haiteseki sana, ndiyo maana aghalabu haikuwekewa waipa huko. Kwa hiyo kifaa hiki si pambo, ingawa kuna mafundi wanaoung'oa mkono wake na kukuambia uendelee na safari.

*

Ikigoma, utaambiwa ni mota. Subiri kwanza. Washa, nyamaza, sikiliza. Swichi ikiwa kwenye hatua ya kwanza, waipa nyingi hufuta mara moja kisha hukaa sekunde kadhaa. Si mbovu, ndivyo zilivyotengenezwa. Mota inaunguruma na mkono hauendi? Funua kofia ya plastiki kwenye shina la mkono, huenda nati imelegea. Baadhi ya Prado, ambazo kioo cha nyuma hufunguka bila mlango kufunguliwa, hukataa kufuta kioo kisipofungwa barabara.

Kimya kabisa? Fyuzi. Magari mengi yana fyuzi ya waipa ya nyuma peke yake, basi ya mbele kufanya kazi hakuthibitishi kitu. Mpya ikiungua tena, usiweke kubwa zaidi, wala kipande cha waya: huenda kuna waya uliochubuka unagusa bodi.

Ugonjwa ninaoushuku kuliko yote uko kwenye ule mpira mweusi karibu na bawaba, unaopitisha nyaya kwenda mlango wa nyuma. Noah ya abiria hufunguliwa mlango huo kutwa: mikungu ya ndizi, magunia, mabegi ya wanafunzi. Nyaya hupinda palepale mpaka shaba inakatika ndani, nje ganda bado zima. Dalili yake ni waipa kushtuka ukiuinua mlango nusu, au taa ya namba kuzimika nayo. Vuta mpira, vuta kila waya taratibu, unaorefuka umekatika. Uungwe kwa risasi, uongezwe kipande ili usikazwe tena.

*

Shida hizi za umeme hazikuwapo mwanzoni. Mary Anderson wa Alabama, Marekani, alipata hataza ya waipa mwaka 1903. Yake ilivutwa kwa mkono kutoka ndani ya gari. Haikuwa na fyuzi wala mota, na hakuna kampuni iliyoinunua.

*

Jua la tambarare ya hapa Kifaru hukausha mpira wa waipa hata gari likiwa limeegeshwa. Usiiwashe juu ya vumbi kavu. Mchanga utachora kioo. Mwaga maji kwanza. Na uiwashe kiangazi pia, maana shina lisilozunguka miezi mingi hushikwa na kutu, mota ikaungua ikilisukuma.

*

Fundi akisisitiza ni mota, mwombe achomoe plagi yake, swichi ikiwa imewashwa, akuonyeshe taa ya kupimia ikiwaka hapo, mguu mmoja wa taa ukiwa kwenye waya hasi wa plagi hiyohiyo. Taa isipowaka, usinunue mota.