Faili Lililofutwa ni Marudio

Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, tope likamwagika hadi kwenye mashamba na makazi ya watu wa Kishapu. Lilikuwa tope lililokwisha kuchenjuliwa, lililohesabiwa kuwa halina kazi tena. Huko Geita, wachimbaji wadogo hawautupi mchanga uliokwisha kupita kwenye karasha na kuoshwa kwa zebaki. Wanauita marudio, na wenye mitambo ya sayanaidi huununua, maana dhahabu nyingi bado imo.

Ajabu ni kwamba katika ukanda huu huu, ofisi hufuta mafaili, humwaga pipa la taka la kompyuta, kisha hupeleka mashine mnadani kwa moyo mweupe, kana kwamba yaliyofutwa hayamo tena. Yamo, na sababu iko katika namna kompyuta inavyotunza faili.

Ken Thompson na Dennis Ritchie, walioanza kuunda mfumo wa Unix katika maabara za Bell, Marekani, mwaka 1969, walitenganisha jina la faili na faili lenyewe. Jina hukaa kwenye folda, pembeni yake namba. Namba hiyo ni ya inodi: kumbukumbu ndogo inayoeleza ukubwa wa faili, mwenye faili, nani anaruhusiwa kulisoma, lini lilibadilishwa na, kubwa kuliko yote, yaliyomo yamewekwa kwenye vipande gani vya diski. Jina halimo kabisa. Katika ext4, mfumo uliozoeleka wa Linux, inodi moja kwa kawaida huwa na baiti 256 tu.

Mchimbaji ataelewa akifikiria leseni yake. Duara, yaani shimo lake la kuchimbia, linaweza kuitwa hivi leo na vingine kesho. Tume ya Madini hutazama namba ya leseni na mipaka. Faili nalo linaweza kuwa na majina mawili katika folda mbili, inodi ikawa ile ile moja, na inodi huyahesabu majina hayo. Likifutwa moja, faili lipo. Likifutwa la mwisho, mfumo hutangaza kwamba inodi na vipande vyake viko huru.

Hutangaza tu! Katika diski za kuzunguka, zinazopatikana kwenye kompyuta nyingi kuukuu, maandishi hubaki palepale mpaka yaandikwe mengine juu yake. Programu kama PhotoRec huyachambua bila kuhitaji jina wala inodi, kama mwenye mtambo anavyochambua marudio. (Diski mpya za SSD mara nyingi hujisafisha zenyewe, lakini si hizo zinazojaa mnadani.)

Katika diski hizo za mnadani mna namba za utambulisho za NIDA zenye tarakimu 20, mishahara, majibu ya vipimo vya mapafu ya wafanyakazi wa migodini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kumwaga pipa la taka si ulinzi. Diski nzima iandikwe sifuri, kipande cha kwanza hadi cha mwisho. Kwa diski ya gigabaiti 500 ni kazi ya saa mbili hivi. Diski iliyokufa itobolewe kwa drili. Kisha ofisa TEHAMA aandike namba ya diski, tarehe na jina lake, atie sahihi, ndipo mashine itoke getini.